Bwana Maji Asiyekunywa Maji

Mtu huyu alikuwa na adabu za kinyume. Akifika kijijini kwetu, kabla hajamwambia mzee yeyote shikamoo, alishuka kwenye baiskeli, akapita mbele ya wazee waliokaa barazani kana kwamba ni magunia, akaenda moja kwa moja lamboni, akachuchumaa na kutumbukiza kipimajoto. Wazee wakabaki na marahaba zao mdomoni mpaka zikachacha. Akishaandika kwenye daftari lake ndipo aliporudi, akainama, akawaamkia mmoja mmoja, hata wale waliokwisha kusinzia.

Siku moja nikamwuliza sababu. Akanijibu, "Mwenyekiti, nikiamkia kwanza nitapewa kiti. Nikipewa kiti nitaletewa muhogo. Nikila muhogo nitaulizwa habari za Lindi. Nikimaliza habari za Lindi jua limepanda, na maji ya asubuhi hayapo tena. Watu hunisubiri, maji hayanisubiri."

Tulimwita Bwana Maji, kama ilivyokuwa kwa Bwana Shamba na Bwana Afya. Jina lake nalijua lakini sitaliandika, maana hata yeye mwenyewe alilitumia mara chache. Kuzaliwa kwake na ukoo wake sikuuliza. Nilijua tu kwamba alikuwa mtu wa bara, na kwamba kabila lake na letu ni watani. Hilo la utani msomaji alishike, kwani ndilo lililotuponza.

Na mimi ninayeandika nijitaje kidogo. Mimi ni mtu niliyejitengeneza kwa mikono miwili hii. Shule nilikaa miaka mitatu, miwili kati yake katika darasa moja, kwa sababu nilitaka kulielewa vizuri. Leo nina lori, nina mashine ya kusaga, na nina nyumba ya bati ambayo dereva wa basi akiiona hujua amekaribia kwetu. Si kujisifu, ni maelekezo ya njia. Miaka ile ya vijiji vya ujamaa, tulipotolewa mashambani tukakusanywa pamoja, nilikuwa na umri kama wa miaka thelathini, na tayari nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Nilijipendekeza mwenyewe, nikajiunga mkono mwenyewe, na kwa kuwa nina sauti kubwa hakuna aliyepinga.

Maji yenyewe yalikuwa ya lambo, shimo kubwa lililochimbwa kukinga mvua. Kifuku yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Kiangazi yalikuwa rangi ya uji wa ulezi, na uzito wake hivyo hivyo. Tulikunywa sisi, wakanywa mbuzi, wakaogelea bata, zikafuliwa nguo. Binti yangu Zuhura alilala mwezi mzima kwa homa ya matumbo, akainuka mwepesi kama unyoya wa kuku. Asiyetaka lambo alikwenda mtoni, mwendo wa saa nzima, na huko kulikuwa na mamba asiyeheshimu ndoo ya mtu. Kwa hiyo tulichokitamani kuliko hata sukari ni kisima kirefu cha pampu, kama walivyochimbiwa watu wa njia ya Rutamba. Kazi ya Bwana Maji ilikuwa kuzunguka kwenye mito, maziwa na malambo, kuchota maji kidogo kidogo kwenye chupa, na kuyapeleka kupimwa. Tuliona kwamba kisima kikija, kitakuja kwa mkono wake.

Ila mkono wenyewe ulikuwa na vituko.

Nyuma ya baiskeli alifunga sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na chupa za kioo zenye vizibo, na barafu aliyoitoa Lindi ikiwa imefukiwa kwenye maranda ili isiyeyuke. Ilikuwa ikiyeyuka. Alikuwa akifika kwetu na barafu ya ukubwa wa yai, tena la kwale, lakini aliilinda kama dhahabu. Mzee mmoja mwenye homa aliomba kipande tu akiweke kwenye paji la uso. Bwana Maji akamtazama kwa huruma ya kweli, akasema, "Mzee wangu, barafu hii ni ya maji, si ya watu." Yule mzee alipata nafuu kwa hasira.

Alikuwa pia na sahani ya bati, nusu nyeusi nusu nyeupe, imefungwa kamba yenye mafundo. Aliishusha majini taratibu akiitazama mpaka ipotee machoni, kisha akahesabu mafundo ajue maji yana uchafu kiasi gani. Watu walijaa kutazama. "Anavua kwa sahani tupu," walisema. "Huyo samaki atakayevutwa na sahani isiyo na mchuzi ni samaki gani?" Siku moja katika ziwa la Rutamba, akiwa ndani ya mtumbwi wa watu, kiboko aliibuka, akaidaka sahani, akazama nayo. Wenye mtumbwi walikuwa wakitoa shahada. Yeye alitoa daftari. Nililiona kwa macho yangu, limeandikwa kwa mwandiko mzuri: "Saa tatu na robo, kiboko. Sahani haikuonekana tena." Sahani ya pili aliitengeneza kwa mfuniko wa sufuria ya mke wangu, akaupaka rangi nusu. Tangu siku hiyo wali wetu ulifunikwa kwa ungo.

Halafu zile karatasi. Vijikaratasi vyembamba, ukivichovya kwenye maji hubadilika rangi kuonyesha ukali wake. Nani angewaambia wanawake wa kijijini kwetu kwamba hiyo si ramli? Bi Somoe, mama mtu mzima aliyesuka mikeka bora kuliko wote na kuzungumza kuliko mikeka yake, alimjia na kikombe.

"Mtani," alimwambia, "hii ni chai ya mkwe wangu, mume wa binti yangu. Chovya karatasi yako tujue kama ana mke mwingine."

"Mama, karatasi hii haijui mambo ya wake."

"Chovya tu. Kama haijui, itanyamaza."

Naye, kwa kuwa hakuweza kuona kimiminika chochote bila kukipima, akachovya. Karatasi ikawa nyekundu. "Ina ukali," akasema kweli tupu, kwani chai ile ilikamuliwa ndimu. Bi Somoe akaondoka na karatasi imeinuliwa juu kama bendera. Kabla ya adhuhuri mkwe alikuwa amekiri mke wa Lindi, na mwingine wa Mingoyo ambaye hata Bi Somoe hakumshuku. Bwana Maji alisikitika sana. "Ilikuwa ndimu," alirudia siku nzima. "Mwenyekiti, ilikuwa ndimu tu."

Misemo yake ilikuwa michache na aliitumia mpaka ikachakaa. Mkubwa kuliko yote ni huu: "Maji hayana mjomba." Alikuwa na maana kwamba maji hayapendelei mtu, na anayeyapima asipendelee pia. Ukimwambia, "Bwana Maji, maji ya leo si yameonekana safi kidogo?" alijibu, "Macho si kipimo. Hata fisi kwa mbali ni mbwa." Kabla ya kutawadha alipima joto la maji ya birika. Nilimwuliza kama sheria inadai hivyo. Akasema sheria haidai, ila daftari linadai.

Sasa tuje kwenye mambo yaliyopingana ndani yake, maana mtu asiyepingana na nafsi yake hana la kuandikwa.

Kwanza, hakujua kuogelea. Bwana Maji, mtu wa mito na mabwawa, aliogopa maji ya magotini. Akienda kuchota mtoni alijifunga kamba kiunoni na ncha ya pili akampa mtu aishike, na mtu huyo alimchagua kwa usaili. "Wewe hupenda kucheka?" Ukijibu ndiyo, hushiki kamba.

Pili, hakunywa maji. Si ya lambo tu, maji yoyote, ya mtu yeyote, popote. Alikunywa chai ya rangi na madafu. Dafu alilisifu kwamba ni chupa iliyozibwa na Mwenyezi Mungu mwenyewe. Sasa kwetu mgeni akifika, kitu cha kwanza ni maji ya kunywa, kwenye kata, kutoka kwenye mtungi uliofukizwa ubani ili yanukie. Mgeni hata kama hana kiu hulowesha midomo. Bwana Maji aliweka mkono kifuani, akasema, "Ahsante mama, nimeyaona mengi." Bi Somoe alilichukulia hilo kama kofi.

"Mgeni asiyekunywa maji yangu," aliniambia, "ananiambia mimi mchafu. Mtani huyu siku moja nitamnywesha. Kwa mdomo au kwa pua."

Alimnywesha kwa pua. Siku hiyo Bwana Maji alikuwa mtoni, amesimama ukingoni na chupa yake, na mshika kamba aliyepita usaili akaitwa nyumbani ghafla. Bi Somoe akajitolea. Bwana Maji akamwuliza, "Mama, wewe hupenda kucheka?" Akajibu kwa uso mkavu kama dagaa, "Tangu nifiwe sijacheka." Hakutaja kwamba aliyemfia alikuwa bata. Bwana Maji akainama kuchota, na mtani wake, kwa haki zote za utani, akaiachia kamba. Maji yalimfika shingoni. Alipiga kelele iliyowafanya hata mamba wahame. Bi Somoe akamvuta akitweta kwa kicheko.

"Nimekuchovya kama chupa zako, mtani! Joto lake vipi?"

Naye, meno yanagongana, kipimajoto kimeinuliwa juu kisilowe, akajibu, "Di-digrii ishirini na sita."

Utani hauna kesi, kwa hiyo hakukasirika. Lakini alipata mafua makali, na pua yake, ambayo alijigamba inaweza kutofautisha mito mitatu gizani, ikazibika kabisa. Hapo ndipo balaa langu lilipoanzia.

Siku ileile aliyotota, jioni, kulikuwa na mkutano wa kijiji. Bwana Maji akasimama na leso puani, akatangaza kwamba mtambo wa kuchimba visima vya pampu umeingia wilayani na unaelekea upande wetu. Vijiji vinavyoshindania ni viwili, chetu na cha wenzetu wa ng'ambo ya mto. Maji ya vijiji vyote viwili yatapelekwa Dar es Salaam kupimwa, na matokeo ndiyo yataamua mtambo uende wapi kwanza.

"Matokeo ya namna gani yanaleta mtambo?" nikauliza.

"Nimekatazwa kusema. Nikisema, mtanisaidia."

Sisi wa miaka ile tulikuwa watu wa mashindano. Kulikuwa na zawadi ya kijiji bora, zawadi ya shamba bora, zawadi ya choo bora, na hiyo ya choo tuliikosa kwa mlango tu. Ni nani angeweza kufikiri kwamba kuna mashindano ambayo zawadi hupewa wa mwisho? Nikasimama. Nikasema kwa sauti yangu hii hii, "Ndugu wananchi, acheni maji yetu yakafanye mtihani. Mimi mwenyekiti wenu nitahakikisha yanafaulu." Wakapiga makofi. Bwana Maji alipiga chafya, na mimi nikadhani ameafiki.

Mpango niliupanga mimi. Alhamisi mke wangu alichota maji ya lambo, akayachemsha, akayachuja mara tatu kwa kanga mpya ambayo haijavaliwa. Bi Somoe akaleta mtungi wake, akaufukiza ubani mpaka nyumba nzima ikanukia kama Idi, tukayahifadhi humo. Ijumaa alfajiri Bwana Maji alichota chupa zake nne lamboni, akazifunga vizibo kwa uzi, akazitia sandukuni, sanduku akaliweka nyumbani kwangu, akaniambia, "Mwenyekiti, nakuamini kuliko kufuli." Adhuhuri akaenda msikitini. Mimi Ijumaa hiyo sikwenda, Mungu anisamehe, nilikuwa na kazi ya taifa.

Tukafungua chupa, tukamwaga uji wake, tukajaza maji yetu. Hatukuona kwamba tunadanganya. Yalikuwa maji yetu yaleyale, ila yameoga. Bi Somoe alirudisha mafundo ya uzi kama yalivyokuwa, kwa vidole vya msuka mikeka. Kisha akatoa kichupa cha marashi ya waridi.

"Hapana, Bi Somoe," nikasema. "Inatosha."

"Yanakwenda mjini," akanijibu. "Yaende yamejipamba. Mtani wangu ananiona mchafu, basi na wakubwa zake wanione." Akatonesha tone moja moja.

Bwana Maji alirudi, akafungua sanduku, akahesabu chupa, akainama juu yake na pua yake ya mafua. "Vizuri," akasema, akapanda baiskeli.

Majibu yalipotoka, Bwana Maji alituletea barua akiwa na uso wa mtu aliyeota ndoto asiyoielewa. Akatusomea mkutanoni: maji ya kijiji chetu ni safi. Rangi hayana. Vijidudu havikuonekana. Harufu... hapo akasita. Alisema kwamba katika miaka yake yote ya kazi, kwenye mstari wa harufu aliona maneno mawili tu, ama "hakuna" ama "mbaya". Safari hii yameandikwa "nzuri".

Kijiji kililipuka. Vigelegele, ngoma, mbuzi mmoja akachinjwa. Nilibebwa juu, na nasema kweli, sikupinga. Bwana Maji alisimama pembeni na dafu lake, akiisoma barua ile tena na tena.

Siku ya mtambo kupita tulijipanga barabarani, wanawake kushoto, wanaume kulia, matawi mikononi, mimi katikati na hotuba mfukoni. Lile dude likaja likinguruma, bomba zake juu kama twiga aliyelala. Dereva akatupungia mkono. Sisi tukapunga matawi. Akaendelea kutupungia akitupita, akakata kona, akashuka kuelekea ng'ambo ya mto, na vumbi lake likaingia katika midomo yetu iliyokuwa bado inaimba.

Nikamgeukia Bwana Maji. "Mbona wamepitiliza?"

"Wanakwenda kuchimba. Mtambo huanza kwa wenye maji mabaya kuliko wote," akasema. "Nyinyi mna maji mazuri kuliko ya bomba la mjini. Hongera, Mwenyekiti."

Bi Somoe akalitupa tawi lake chini. "Haya, Mwenyekiti. Tumefaulu."

Jioni ile Zuhura aliniletea maji ya kunawa, rangi ya uji. Nilimtazama mikono yake iliyokuwa bado myembamba tangu ile homa. Kufikia hapo nilikuwa nimekwisha kujiambia mengi, kwamba kosa ni la Bwana Maji kutosema wazi, kwamba mafua si kosa langu, kwamba nikikiri uenyekiti umekwenda. Mimi si mtu wa kukiri. Nimeuza korosho, nimeendesha lori, nimebishana na matrafiki, sikuwahi kukiri. Lakini nilinyanyuka, nikaenda alikokuwa amefikia, nikamweleza yote, kuanzia kanga mpaka waridi.

Aliketi juu ya sanduku lake.

"Waridi," akasema. "Nilisema mimi. Ile nzuri haikuniingia akilini."

Akafungua daftari, akaanza kuandika. Nikachungulia. Aliandika kwamba chupa nne za kijiji chetu si halali, kwa kuwa mchukuaji alizitoa mikononi mwake.

"Andika ni mimi!" nikamwambia. "Andika jina langu, nalijua kuliandika, nitakutajia herufi."

"Wewe hukukabidhiwa chupa na serikali. Nilikabidhiwa mimi."

"Watakufukuza kazi."

"Labda. Lakini nikiacha uongo huu ukae, basi kila namba niliyoandika tangu nianze kazi itakuwa na mjomba." Akafunga daftari. "Mtambo utakuwa ng'ambo mpaka mvua zianze. Nikichota kesho, nikaenda nazo mwenyewe, huenda tukawahi."

Habari zilienea usiku kucha, na asubuhi Bwana Maji alipofika lamboni alikuta kijiji kizima kimemtangulia. Sasa tulikuwa tumeuelewa mtihani. Mmoja ameleta bata wote. Mwingine anafulia magunia ya mbolea. Mwingine anawaswaga mbuzi waingie, nao mbuzi, wajinga kwa siku zote, siku hiyo wamegoma. Bi Somoe alikuwa akiosha masizi ya vyungu vyake vyote, na vya jirani.

Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia Bwana Maji akipaza sauti akiwa nchi kavu.

"Tokeni! Toeni bata wenu! Maji yenu ni mabaya ya kutosha bila msaada!"

Tukatoka. Akasubiri mpaka tope litulie, amesimama na saa mkononi, kijiji kizima kimya nyuma yake kama tuko katika swala. Akachota. Akafunga. Akakaa juu ya sanduku, akala muhogo akiwa amekalia sanduku, akaswali sanduku likiwa mbele yake. Kisha akaondoka kwa baiskeli mpaka Lindi, na kutoka Lindi akapanda basi mpaka Dar es Salaam, siku na ushee za mashimo, sanduku limepakatwa mapajani. Alisema baadaye kwamba abiria wawili walitaka kunywa.

Majibu yalikuja kwa telegramu. Nilikabidhiwa mimi niisome, na ingawa shule yangu mmeisikia, sikuhitaji msaada, maana yalikuwa maneno matatu: "Maji mabaya sana."

"Tumefeli!" nikapiga kelele. "Ndugu wananchi, tumefeli!"

Hakujawahi kuwa na kijiji kilichoshangilia kufeli namna ile. Bi Somoe alicheza mpaka kanga ikaanguka, akaiokota, akacheza tena. Zuhura alirushwa juu na shangazi zake. Wapita njia waliuliza kuna harusi ya nani, wakajibiwa, "Maji yetu mabaya!" wakaongeza mwendo.

Mtambo ulivuka mto kurudi kwetu siku chache kabla ya mvua. Walitoboa pale karibu na msikiti. Maji yalipoibuka yalikuwa baridi na hayana rangi, na wengine waliogopa kuyanywa kwa kuwa walikuwa wanaona mpaka chini ya kikombe. Nilitaka Bwana Maji awe wa kwanza kuyaonja. Lakini daftari lake lilikuwa limesomwa na wakubwa, na walisoma mstari ule wa chupa nne. Hawakumfukuza. Walimhamishia huko Kilwa, kwenye mito ya mbali, na baiskeli wakampa mwingine. Aliondoka kwa miguu kabla pampu haijafungwa, sanduku kichwani. Bi Somoe alisimama barabarani na kata ya maji mpaka Bwana Maji akapotea machoni, nadhani ilikuwa kama ile sahani yake kwenye kamba. Mafundo sikuhesabu.

Miaka ikapita kama inavyopita. Nikatajirika, kama nilivyokwisha kusema. Kila nilipoendesha lori kwenda mbali nilibeba dumu la maji ya kisima chetu, kwa sababu na mimi nimekuwa siamini maji ya watu. Mwaka mmoja, nikiwa na mzigo wa nazi, nilisimama Kilwa Kivinje kununua samaki wa kukaanga. Kando ya muuza samaki, chini ya ukuta wa moja ya yale majumba ya zamani ya Kijerumani, alikaa mzee na dafu. Mfuko wa shati lake ulikuwa na kitu kirefu chembamba cha kioo.

Mimi sikwenda kwanza kuangalia maji. Niliinama. "Shikamoo, Bwana Maji."

"Marahaba." Akanikazia macho. "Sauti hii naijua. Mwenyekiti."

Nilimwonyesha lori. Nilimweleza mashine ya kusaga, bati, na shule ya Zuhura, ambaye sasa ni mwalimu na ana mwili wa kutosha watu wawili. Alisikiliza yote kwa adabu, kisha akauliza, "Kisima kinatoa?"

"Kinatoa."

"Kiangazi je?"

"Hata kiangazi."

Nikaenda kwenye lori, nikaleta dumu na kikombe, nikamimina. Nilipomkabidhi nikakumbuka, nikaona haya, nikasema, "Samahani, nilisahau kwamba wewe hunywi."

Alikinyanyua kikombe kwenye jua. Akakisogeza puani, na pua siku hiyo ilikuwa nzima.

"Hakuna ubani," akasema.

"Hayahitaji."

Mkono wake ulikwenda mfukoni, ukagusa kioo. Nikasubiri. Muuza samaki naye akaacha kugeuza samaki. Ule mkono ukashuka bila kitu, ukashika kikombe pamoja na mwenzake, na yule mzee akanywa, polepole, bila kupumzika, mpaka kikombe kikasimama juu ya pua yake.

"Bi Somoe yu hai," nikamwambia. "Aliniapisha kwamba nikikuona siku moja unakunywa maji yetu, nikuulize swali lake. Joto lake vipi, mtani?"

Akajifuta mdomo kwa mkono wa shati, akaninyoshea kikombe nikijaze tena.

"Mwambie sikupima."